Kiti cha Nne Katika Bajaji



Tuanze na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotusukuma kuandika. Jumapili moja baada ya Misa ya tatu tulitoka kanisani watatu tukielekea mjini kununua madaftari. Jua la Dodoma lilikuwa limeshakaa utosini. Nje ya geti la parokia palikuwa na bajaji moja tu. Tukaingia, tukajaza siti ya nyuma, dereva akawasha. Kabla hajaondoka akaja bibi mmoja na hotipoti iliyofungwa kwa kanga. Binti yake alikuwa amelazwa hospitali, na saa za kuona wagonjwa zilikuwa zinakaribia. Mkononi alikuwa na shilingi mia saba.

Dereva akasogea kidogo, akapigapiga ukingo wa kiti chake. "Bibi, panda hapa mbele, mia tano tu." Mmoja wetu akasema hapana, bajaji inaruhusiwa abiria watatu, tusije tukapata ajali au kukamatwa. Alikuwa sahihi. Dereva akamwambia bibi asubiri inayofuata. Bibi akajibu, "Haya wajukuu zangu, nendeni salama," akasogea kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya umeme. Tukaondoka.

Tulishafika barabara ya lami ndipo mmoja wetu akauliza kwa sauti ya chini: kwani sisi hatuwezi kutembea? Kutoka parokiani hadi kituo cha daladala ni kilometa mbili na kidogo. Sisi ni vijana, tunacheza mpira kila Jumatano na Jumamosi. Hakuna aliyemjibu, na bajaji haikugeuka.

Tumelijadili jambo hili kwa wiki kadhaa, mezani na bustanini, na tumeona lina uzito kuliko tulivyodhani. Watu wengi wa Dodoma leo wanasafiri kwa namna hiyohiyo: watu wasiojuana wanaingia chombo kimoja kidogo, kila mmoja analipa kichwa chake, wanashushwa mmoja mmoja njiani. Hatujawahi kukaa chini kama Wakristo tukaulizana tunavyopaswa kuishi humo ndani.

Kwa msomaji aliye mbali, tueleze kidogo. Bajaji hapa kwetu hutumika kwa njia mbili. Unaweza kuikodi, ukaingia peke yako na kupelekwa hadi mlangoni. Hapo bei ni maelewano, na kwa safari kama ya kutoka kwetu hadi mjini hutaambiwa chini ya elfu tatu. Au unaweza kuchangia. Unaingia, unakaa, unasubiri ijae. Ikijaa inaondoka, nawe unalipa mia tano, au elfu moja kama njia ni ndefu. Ukiwa na haraka na siti hazijajaa, dereva atakuuliza kama uko tayari kulipia iliyo wazi. Hizi ndizo kanuni zote, na hazikuandikwa popote. Mgeni anayeshuka stendi kuu ya Nzuguni na mabegi yake huzijua ndani ya dakika tano, mara nyingi baada ya kulipa elfu nane kwa safari ambayo jirani yake kaenda kwa elfu moja.

Kuchangia chombo si jambo la jana, wala si la Dodoma peke yake. Tazama hata majina. Daladala iliitwa hivyo kwa sababu ya dala, sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo ilikuwa nauli wakati serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam mwaka 1983. Matatu ya Kenya ilipata jina lake kwenye sarafu tatu za senti kumi. Kule Mexico wana pesero, kutokana na peso moja. Na Marekani, mwaka 1914, watu wa Los Angeles walianza kubeba abiria kwa magari yao binafsi kwa senti tano. Chombo kikaitwa jitney, jina la mtaani la sarafu hiyohiyo. Waturuki peke yao walichagua neno jingine: dolmuş, maana yake "imejaa". Dereva wa Istanbul na dereva wa Chang'ombe wangeelewana bila mkalimani.

Tunaona kuna jambo katika majina hayo ya sarafu. Mtu mnyonge hakuogopa chombo kinachoitwa kwa nauli yake. Alijua kabla ya kupanda ni kiasi gani kitatoka mfukoni, na kwamba tajiri aliyekaa pembeni yake ametoa kiasi hichohicho. Bajaji ya kukodi haina jina la namna hiyo, maana bei yake hutegemea sura yako, viatu vyako na kama unaonekana mgeni. Bibi yetu alikuwa na mia saba. Kwa kuchangia alikuwa abiria kamili, tena mwenye chenji. Kwa kukodi hakuwa mtu wa kupanda kabisa.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema bajaji za kuchangia ni vurugu ya mji ambayo ingefaa iondolewe, watu warudi kwenye daladala na teksi. Tuukumbuke mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na mpango mkuu wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulikusudia mji wa watembea kwa miguu na wa mabasi: mitaa yenye shule, soko na zahanati zake karibu, iliyounganishwa kwa njia za basi. Sehemu kubwa ya mpango huo ilibaki kwenye karatasi. Kisha ukaja mwaka 2016, serikali ikaanza kuhamia kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Wapangaji walienda kutafuta vyumba vya bei nafuu Nkuhungu, Ntyuka, Msalato, Nzuguni, na ofisi nyingi zikaenda Mtumba, kilometa kama kumi na saba kutoka mjini. Barabara za lami zimeongezeka, treni ya SGR imefika tangu mwaka 2024, mabasi ya mikoani yana stendi nzuri. Lakini kipande cha mwisho, kile cha kutoka lami hadi mlangoni, hakikuwa na mwenyewe. Kimechukuliwa na vijana wenye magurudumu mawili na matatu. Hakuna aliyewapangia. Walikuja kwa sababu watu walikuwa wamesimama juani.

Sasa tuzungumze habari ya kiti cha nne, maana hapo ndipo penye ubishi.

Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 ziliweka mpaka wazi: pikipiki abiria mmoja, bajaji abiria watatu. Kila anayepanda bajaji anajua hivyo, na kila anayepanda ameshaona wanne, watano, hata sita tukihesabu watoto waliopakatwa. Pikipiki ikibeba wawili tunaiita mshikaki na kucheka. Bajaji ikibeba wanne hatukuipa hata jina, tumeshaizoea.

Tulimwuliza dereva mmoja, kijana wa Kongwa anayeegesha karibu na kwetu, kwa nini lazima wa nne. Hakukasirika. Alichukua kijiti akatuchorea hesabu mchangani, na tunaileta hapa kama alivyotupa. Bajaji si yake, ni ya tajiri. Kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi elfu ishirini, iwe mvua, iwe sikukuu, iwe ameumwa nusu siku. Safari moja yenye abiria watatu wa mia tano inampa 1,500. Mafuta ya kwenda na kurudi, akirudi tupu, ni kama mia saba. Zinabaki mia nane. Gawanya elfu ishirini kwa mia nane: safari ishirini na tano ndipo hesabu ya tajiri itimie, na hapo yeye mwenyewe hajanywa hata chai. Akiongeza kichwa kimoja mbele, zinabaki 1,300, na safari kumi na sita zinatosha. "Frateri," alituambia, "wewe unaona mtu wa nne. Mimi naona saa tatu za kulala."

Hesabu hiyo ilitunyamazisha. Tulikuwa tumezoea kumwita dereva anayejaza kupita kiasi mtu wa tamaa, na kumbe tamaa, kama ipo, inaanzia ngazi ya juu zaidi, kwenye mkataba ambao abiria hauoni. Wapo matajiri wema, tunawajua. Wapo wanaosamehe hesabu siku ya msiba, wapo wanaotoa chombo kwa mkataba wa kijana kukimiliki akimaliza malipo. Lakini wapo pia wanaokaa viti vya mbele kanisani, wana bajaji tano mtaani, na hawajawahi kujiuliza elfu ishirini ya Jumapili inapatikanaje. Hatusemi hesabu ifutwe. Tunasema mwenye chombo anayemdai dereva kiasi kisichoweza kupatikana kwa abiria watatu, huyo naye amembebesha abiria wa nne, hata kama hakuwepo barabarani.

Hata hivyo hatutaki kumpamba dereva, wala kukigeuza kiti cha nne kuwa tendo la huruma. Bajaji ina gurudumu moja mbele, na inaongozwa kwa usukani wa mikono kama wa pikipiki. Mtu akikaa ubavuni mwa dereva, kiwiko cha dereva hakina nafasi, na akitaka kukata kona ghafla kukwepa mbuzi au mtoto, anamsukuma kwanza abiria. Pembeni hakuna mlango. Anayekaa pale mbele ananing'inia nusu nje, na mara nyingi anayewekwa pale ni yule mwenye nguvu ndogo ya kukataa: mwanafunzi, mama aliyechelewa, bibi mwenye mia saba. Kwa hiyo mwenzetu aliyesema sheria ni watatu alisema kweli, na tungesema tena hivyohivyo leo.

Kosa letu lilikuwa mahali pengine. Tuliitumia sheria kumzuia bibi, wala haikutupitia akilini kwamba sheria hiyohiyo ilikuwa inatuuliza ni nani kati ya watatu anaweza kushuka. Idadi ya siti ikishafungwa, kama inavyopaswa, lazima mtu aamue nani anapanda. Mtaani anayeamua ni aliyewahi. Tulipanda kwa sababu tuna miguu myepesi, tulitoka kanisani wa kwanza, na miguu hiyohiyo myepesi ndiyo iliyofanya tusihitaji kupanda. Ukiliangalia sana linachekesha, ila hatukucheka.

Wenye daladala nao wana malalamiko, na haki itendeke, tuyaseme. Wanasema wao wanalipia leseni ya njia, wanapangiwa nauli na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, wanakaguliwa, kisha bajaji yenye leseni ya kukodiwa inapita mbele yao kwenye njia ileile na kuokota abiria mmoja mmoja. Wana hoja. Nasi tunadhani jibu lisiwe kuziondoa bajaji wala kufumba macho. Barabara kuu, ile ya kwenda Morogoro, ya Iringa, ya Singida na ya Arusha, ziachiwe daladala, kwa maana gari la watu ishirini na tano linafanya kazi ya bajaji nane kwa nafasi ndogo ya barabara. Bajaji zipewe kazi ya kutoka lami kuingia ndani, zitambuliwe rasmi kwamba zinabeba kwa kichwa, zipangiwe vituo vyenye kivuli, na nauli iandikwe ubaoni kwa herufi kubwa ili hata mgeni aisome. Jiji lilimudu kujenga stendi na masoko. Bati nne na benchi kwenye makutano ya barabara ya vumbi si mzigo wa kulishinda.

Tunaomba pia yasije yakatupata ya jitney. Zile gari za senti tano zilienea Marekani kwa kasi ya ajabu, kisha kampuni za tramu, zilizokuwa zinapoteza abiria, zikashinikiza miji itunge sheria ndogo za kila namna: bima kubwa, dhamana, ada, masharti ya njia. Ndani ya miaka michache nyingi zilitoweka. Kwenye karatasi ilikuwa ni kulinda usalama. Abiria maskini hakuulizwa. Kwetu sheria zimekwenda kwa kupanda na kushuka. Bajeti ya mwaka 2021/22, kwa mfano, ilishusha faini ya makosa ya barabarani ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na madereva wengi walishukuru. Sisi tungependa zaidi kuona dereva asiyehitaji kuvunja sheria kuliko dereva anayeivunja kwa bei nafuu.

Hapo tumewasema madereva, matajiri na jiji. Sasa turudi kwenye uwanja wa kanisa, tunapopajua zaidi.

Jumapili ileile, wakati bibi amesimama kwenye kivuli cha nguzo, magari yalikuwa yanatoka getini. Hatukuyahesabu, hivyo hatutatoa idadi, lakini yalikuwa mengi, na mengi yalikuwa na mtu mmoja au wawili ndani, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 153, anapozungumzia usafiri wa mijini na magari mengi yanayobeba mtu mmoja au wawili. Na kabla ya hapo, tarehe 19 Juni 2007, Baraza la Kipapa la wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa kichungaji wa barabara, ambao watu waliukumbuka zaidi kwa "amri kumi za dereva". Amri ya kwanza ni ile ya usiue. Ya pili inazungumzia barabara kuwa mahali pa ushirika kati ya watu na si pa madhara. Walipoitangaza, wapo waliotabasamu, kwamba Roma imekosa kazi. Anayetabasamu aje asimame kwenye geti letu saa sita mchana mwezi wa kumi.

Tunawaelewa wenye magari. Kutoa lifti kumekuwa jambo la kuogopesha. Watu wameibiwa, wamesingiziwa, na wapo waliopata ajali wakaachiwa gharama za waliowabeba. Wengi wamehamia hapa kikazi miaka ya karibuni, hawajui nani ni nani. Lakini sisi Wakatoliki tuna kitu ambacho mji mzima hauna: jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA walizipa kipaumbele miaka ya 1970, na zimepangwa kwa mitaa. Wanajumuiya wanakaa jirani, wanasali pamoja kila wiki nyumba kwa nyumba, wanajua mlango wa kila mzee na jina la kila mgonjwa. Kama kuna watu duniani wanaoweza kuchangia chombo bila kuogopana, ni hao. Ajabu ni kwamba tunachangishana kwa ajili ya msiba, harusi, upadirisho na ujenzi, na michango hiyo inatoka vizuri, ila Jumapili asubuhi kila mmoja anajitafutia njia yake ya kufika palepale.

Jumuiya moja ya parokia jirani imeshaanza, tumeenda kuiona. Wana wazee wanne wasioweza kutembea mbali. Wameelewana na dereva mmoja wa mtaa wao, si lazima awe Mkatoliki, na huyu wa kwao ni Mwislamu: kila Jumapili anawachukua watatu kwa Misa ya kwanza, anarudi kuwachukua baada ya Misa, na wa nne anaenda na mwanajumuiya mwenye gari. Wiki inayofuata wanabadilishana. Jumuiya inalipa kama bajaji imejaa hata kama mzee mmoja ameumwa hakuja. Hicho ndicho kifungu tulichokipenda. Dereva hapotezi, hivyo hana sababu ya kutafuta mtu wa kuziba pengo, wala wazee hawasubiri ijae. Mama mmoja wa WAWATA anayetunza daftari alituambia hawakulifanya kwa sababu ya hotuba yoyote. Ni babu mmoja tu alikuwa haonekani Misani miezi mitatu, wakaenda kumwuliza kama ameasi, wakamkuta amevaa vizuri amekaa mlangoni.

Tusiache kusema neno juu ya adabu ya ndani ya chombo, ingawa tutalipita haraka. Tusibane miguu ya watu kwa mizigo. Mwenye ndoo ya zabibu anapewa nafasi, asinuniwe. Kijana anayeketi karibu na binti au mtawa ajikusanye. Watu watatu kwenye siti moja wanagusana bila kupenda, na wapo wanaojifanya hawajui mpaka wa kupenda na kutopenda. Salamu haitozwi nauli: ukiingia sema hata "mbukwenyi" kwa wazee wa Kigogo, uone uso unavyofunguka. Na chenji ya mia mbili usiidai kwa matusi, wala dereva asiifiche kwa makusudi. Basi.

Bibi tulimwona tena. Jumapili ya pili yake tulimkuta kwenye benchi la nyuma kanisani, tukamfuata baada ya Misa, tumejiandaa kuomba radhi, tumepanga na nani aanze. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu." Akatuuliza habari za seminari. Tulipomkumbusha siku ile, alifikiri kwanza kidogo. Alisema alisubiri, bajaji iliyofuata ikaja na mtu mmoja, dereva akakaa kungoja ijae. Akaona muda unakwenda, akaanza kutembea. Alifika hospitali saa ya kuona wagonjwa imepita, chakula kikapokelewa getini kikapelekwa ndani, naye akakaa nje chini ya mti hadi jioni ndipo akamwona binti yake. Alisimulia bila lawama, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Kisha akauliza: "Na nyie siku ile mlifika salama?"

Tulisema ndiyo, tulifika salama.

Tangu siku hiyo tumekubaliana mambo mawili matatu kati yetu. Jumapili baada ya Misa hatupandi bajaji ya getini hadi wazee na wagonjwa wote waishe. Tunatembea hadi lami. Tumeandika pia barua kwa halmashauri walei ya parokia, tukiomba mambo manne: kivuli getini, mtu wa kupanga foleni kwa zamu, kila jumuiya ilete majina ya wasioweza kutembea, na wenye magari wenye utayari waandikwe kwa jumuiya zao. Paroko ameipokea. Katika kikao cha kwanza kivuli kilipita bila ubishi, maana kuna mabati yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo. Majina pia yameanza kuletwa, jumuiya saba hadi sasa. Kilichokwamisha ni siti tupu: wazee wakija wawili badala ya watatu, mia tano ya tatu atailipa nani, jumuiya, parokia, au mzee mwenyewe? Mjumbe mmoja alisema jambo dogo kama hilo lisitupotezee muda. Mwingine akamjibu kwamba ni mia tano hiyohiyo iliyomfanya bibi atembee. Kikao kiliahirishwa hadi Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya tatu, na madereva wawili wa kijiweni wamealikwa kuja kusema wao wanaonaje.